Tairi Kubwa Kuliko za Shemeji

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wenye vyeo wameipenda methali hii kupita kiasi. Kila mnyonge afikapo dirishani kwao kudai haki yake, hupewa hiyo kama risiti: inama kwanza, mzee, ndipo upate. Waongo wakubwa! Wahenga hawakusema mtu amwinamie bwana mkubwa. Walisema cha mvunguni, na cha mvunguni ni kitu chako mwenyewe kilichobingirika kikaingia gizani. Hakuna askari anayekulinda usikifikie, wala hakuna kufuli. Kinachokuzuia ni mgongo wako tu, uliokataa kukunjika. Mwenye kubisha na asikilize yaliyompata Eyvindur wa Hamrasel.

Eyvindur alikuwa mfugaji wa kondoo katika bonde la mwisho la kaskazini mwa Aisilandi, mahali ambapo ardhi hukoma na bahari ya kijivu huanza. Zamani bonde hilo lilikuwa na shule, kanisa lenye waumini na kwaya iliyogombana kila Krismasi. Watu waliondoka mmoja mmoja kama meno yanavyomtoka kikongwe, hata zikasalia kaya mbili tu: Hamrasel ya Eyvindur kule ufukweni, na nyumba ya Ketill chini ya mpando, pale barabara inapoanza kupanda kwenda uwanda wa juu uitwao Kalda. Ng'ambo ya uwanda huo ndiko uliko mji wa Sandvogur, wenye duka, daktari na nyumba ya kutunzia wazee.

Ketill alikuwa shemeji yake Eyvindur, kaka wa mkewe Hallbera. Pamoja na hayo, wawili hao walikuwa hawajasemezana kwa majira matano ya baridi.

Kisa kilikuwa kura, wakati bonde lilikuwa bado na watu. Ofisi za mjini zilitaka kuliunganisha bonde na wilaya ya Sandvogur, na zikatuma vijana waliovaa viatu safi kuja kuahidi. Barabara itasafishwa theluji kila wiki, walisema. Shule itabaki. Hata bwawa la kuogelea litachimbwa, la maji moto. Eyvindur alisimama katika ukumbi wa kijiji akasema kwamba ahadi ya mtu asiyelala hapa haina blanketi. Ketill akanyanyua mkono wa ndiyo. Hapo Eyvindur akamwita kibaraka mbele ya watu wote, akaapa kwamba hatatia mguu uani kwake maadamu yu hai. Ketill akacheka, na kicheko kile ndicho kilichouma kuliko kura yenyewe.

Msimu wa baridi ulipofika, katapila la kusukuma theluji lilifika ukingo wa Kalda upande wa mjini, likageuza. Msimu uliofuata likageuza palepale. Ofisi ikaeleza kwamba watu wa ng'ambo ni wachache mno. Nani aliwafanya wachache? Hilo halikuelezwa. Lakini tuseme na lingine, maana ukweli haumchagui mtu: barabara ya watu wawili wasiosemezana ni rahisi sana kuifuta. Wakubwa hawana rafiki mwema kama ugomvi wa mashemeji.

Basi, majira ya kuchipua yaliyopita, Hallbera alianguka jikoni kwa kiharusi. Akapona nusu. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kwa taabu, kama maji ya bomba lililoganda. Akapelekwa nyumba ya wazee ng'ambo ya Kalda. Wakati wa kiangazi Eyvindur alikwenda kila Jumapili kwa pikapu yake ya Kijapani, gari kuukuu la dizeli lililokuwa limebeba kondoo, mbolea na majeneza ya majirani kwa miaka thelathini. Vuli ilipoanza kunuka theluji, alimshika mkewe mkono ule mzima akamwambia:

"Mke wangu, mwaka huu theluji haitanizuia. Kila Jumapili utaniona hapa."

Ahadi hiyo ndiyo iliyompeleka kwa Solrun, mwanamama aliyekuwa na karakana ya tairi pale Sandvogur. Katika nchi ile gari halipiti juu ya theluji kwa nguvu, hupita kwa upana. Huvalishwa tairi nene, na zikifika thelujini hupunguzwa upepo mpaka zinalegea na kutandaza matumbo, ndipo gari linapoelea juu ya theluji badala ya kuzama. Mtoto anajua hilo kabla hajajua sala.

Solrun aliizunguka pikapu huku akifuta mikono kwa tambara. "Hili kongwe bado linapumua? Haya, mzee wangu, nina seti ya inchi thelathini na nane. Zimetumika kidogo tu. Ukizivaa hizo, na difu likabadilishwa meno liyazungushe magurudumu polepole na kwa nguvu, utavuka Kalda huku ukipiga miayo."

"Ketill anavaa ngapi?"

"Thelathini na nane."

Eyvindur akatazama juu ya rafu. "Zile pale?"

"Zile ni arobaini na nne. Zile ni za malori ya kupandisha watalii barafuni. Injini yako itazitazama na kulia."

"Nipe hizo."

"Eyvindur, nisikilize. Mimi nauza tairi. Muuza tairi akikwambia usinunue kubwa, ujue anakupenda."

"Nimesema nipe hizo. Sitavuka uwanda ule katika saizi ya kibaraka."

Solrun akashusha pumzi. "Na meno ya difu atakubadilishia nani? Upande wenu fundi ni mmoja tu, naye hamsemezani."

Eyvindur alizipakia zile tairi nyuma ya pikapu, nazo zikarundikana juu kuliko paa la gari.

Alizifunga peke yake ghalani. Alikata madigadi yaliyozibana tairi kwa msumeno wa umeme, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumshikia taa wala wa kumwambia simama, alikata upande mmoja zaidi ya mwingine. Pikapu ikatoka imeinuka juu kama ngamia, mbavu zake zimechongoka. Meno ya difu hakuyagusa. Alisema moyoni kwamba gari lililobeba miaka thelathini halitashindwa na robo saa ya mpando.

Theluji ikashuka mwezi wa Novemba, ikaifunga Kalda. Ketill aliendelea kuvuka kila Jumapili kama ada, kwenda kumwona dada yake na kurudi na bidhaa. Hata mzigo wa Hamrasel aliuleta: aliuweka chini ya lango la ufukweni, akapiga honi moja, akaondoka. Eyvindur hakuugusa mpaka usiku uwe umeifuta sauti ya honi ile, na mara nyingine aliuacha kunguru wautoboe. Alikula samaki mkavu na siagi, kisha siagi ikaisha, akala samaki mkavu.

Jumapili ya kwanza alipita mbele ya nyumba ya Ketill akiwa ameketi juu kabisa, hakutupa jicho pembeni. Alipofika thelujini akashuka, akapunguza upepo tairi moja baada ya nyingine mpaka zikalegea, akapanda tena. Na ni kweli, zilielea! Zilitanda juu ya theluji kama miguu ya tembo. Lakini moyo ulikuwa wa mbuzi. Palipoanza kuinuka, injini ilinguruma, ikakohoa, ikapoteza sauti. Akatia gia ya kwanza. Ya kwanza ndiyo ilikuwa ya mwisho. Akalegeza klachi, akaibana, akailegeza tena, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Magurudumu yale makubwa yalijizungusha nusu, yakasita, yakakataa. Alijaribu mpaka theluji iliyo mbele yake ikawa imekanyagwa kama zizi. Mbele palikuwa peupe hadi mbinguni, kwani Ketill alikuwa bado hajaondoka. Nyuma palikuwa na alama zake mwenyewe tu. Akarudi kinyumenyume katika alama hizo.

Alipopita tena mbele ya nyumba ya Ketill, pazia la jikoni lilitikisika. Eyvindur akakaza shingo, akaendesha mpaka ufukweni.

Jumapili iliyofuata alijaribu tena, na iliyofuata tena. Kila mara mpando ulimrudisha. Katikati ya juma alibaki na nyumba tupu tu. Chumba cha kulala alikifunga, akawa analala kwenye benchi la jikoni karibu na redio. Msomaji wa hali ya hewa akisema upepo wa kaskazini, yeye hujibu, "Nimeuona." Ghalani aliwaeleza kondoo taarifa ya habari, na kondoo walimsikiliza vizuri kuliko ofisi. Sauti yake ikaanza kukwaruza kwa kukosa kazi. Siku moja alijikuta amesimama mbele ya dirisha akiwa na sufuria mkononi, asijue alikuwa anaipeleka wapi, wala tangu lini.

Hallbera hakuweza kuzungumza kwa simu, kwani kiharusi kilimnyima maneno ya haraka. Hata hivyo Eyvindur alipiga, na muuguzi alimshikia mama yule simu sikioni. Mume alisema habari za hali ya hewa. Upande wa pili palikuwa na pumzi tu, zikienda na kurudi. Jumapili moja, baada ya kushindwa na mpando kwa mara nyingine, alipiga, na muuguzi akamwambia kwa sauti ya chini:

"Baba, nikwambie kitu. Kila Jumapili mama anataka avalishwe koti. Anakaa nalo dirishani mpaka giza liingie. Leo nimelileta, amelisukuma. Amesema, 'Basi.' Neno moja tu, 'Basi.'"

Eyvindur akakata simu. Wapo watu wanaoweza kuvumilia njaa, baridi na serikali, lakini hakuna awezaye kuvumilia neno kama lile. Akavaa koti, akaiwasha pikapu, na kwa klachi iliyobaki roho ya mwisho, akajikokota mpaka langoni kwa Ketill. Pale alizima injini. Akatazama ardhi ya ua ule kama mtu atazamaye maji ya barafu kabla ya kuingia. Kisha akatia mguu.

Ketill alitoka, mtu mfupi, mnene, mwenye ndevu nyekundu zilizoanza kupauka. Alisimama mlangoni.

"Kumbe umekufa, shemeji? Maana uliapa hutanikanyagia hapa ungali hai."

"Nimekufa nusu," alisema Eyvindur.

Ketill akaitazama pikapu, kuanzia tairi hadi madigadi yaliyokatwa kombo. "Na huyu ulimnyoa kwa meno?"

"Nilikuwa peke yangu. Hakukuwa na wa kushika taa."

Hapo Ketill hakucheka. Alifungua mlango zaidi, wakaingia jikoni. Kwao mgeni humiminiwa kahawa kabla hajaulizwa shida yake. Ndivyo wafanyavyo hata kwa mkusanya kodi. Ketill aliketi. Birika lilikuwa juu ya jiko, linatoa mvuke, wala hakulisogelea. Eyvindur akaliona hilo, akaelewa kwamba leo shida itasemwa kwanza. Akavua kofia.

"Ketill. Klachi imeungua. Difu halina meno ya kuvuka. Siwezi kuvuka. Nakuomba unisaidie nimfikie mke wangu."

Ketill akainuka, akamimina kahawa vikombe viwili, akasukuma sahani ya maandazi. "Miaka mitano nimekuwa nikingoja sentensi hiyo," alisema. "Nilidhani itakuwa tamu. Kumbe haina ladha yoyote. Kunywa, tukaanze kazi."

Karakana ya Ketill haikuwa na shimo la kushukia. Pikapu ilipandishwa jeki, ikakaa juu ya magogo, na chini yake pakabaki nafasi ya mtu kutambaa, sakafu ikiwa imelowa maji ya theluji na mafuta machafu.

"Lala chini," alisema Ketill.

"Mimi?"

"Nani mwingine? Tumbo langu halipiti. Wewe ndiye mrefu na mwembamba kama ufito. Cha kutolewa kiko mvunguni huko, hakitatoka kuja kukusalimia."

Eyvindur alipiga magoti. Mgongo wake ulilia. Akalala kifudifudi, akageuka chali, akatambaa mpaka uso wake ukawa chini ya difu lililojaa kutu. Ketill akamkabidhi spana, naye akajilaza ubavu pembeni, kichwa tu kikiwa ndani, akimulika kwa taa. Wakafungua nati ya kwanza, ya pili. Mafuta meusi yakamdondokea Eyvindur kwenye paji la uso.

"Nitakutolea meno ya pikapu yangu ya zamani, ile iliyokufa," alisema Ketill. "Klachi yake pia bado inafaa. Lakini hizo arobaini na nne zinatoka."

"Zitatoka?"

"Zinatoka. Nina seti yangu ya thelathini na nane niliyoivua mwaka jana. Imeisha nusu, ila ina maisha."

Spana ikateleza, ikarudi mahali pake. "Kwa hiyo nivae makombo yako."

"Utavaa makombo yangu, shemeji, na utafika. Au ukae na fahari yako ufukweni, mle wote wawili samaki mkavu."

"Nitavaa."

Wakaendelea kufungua nati. Ni jambo jema kwamba watu wawili chini ya gari hawawezi kutazamana usoni. Kisha Ketill, akiwa ameelekeza macho kwenye taa, akasema:

"Mimi nilinyanyua mkono siku ile. Waliniahidi barabara. Walinidanganya kama mtoto anayepewa peremende. Msimu wa kwanza tu nililiona katapila linageuza kule juu. Nilikuwa nimesimama hapa nje nalitazama. Nikajua. Ila nilisema moyoni, nikikufuata utanikumbusha."

"Ningekukumbusha," alikiri Eyvindur.

"Naam. Ndiyo maana nikawa napiga honi tu."

Nati ya mwisho ikalegea. Difu likashuka kifuani kwa Eyvindur, zito na baridi, akalikumbatia kwa mikono miwili.

Kazi ilimalizika katikati ya juma. Ilipofika Jumapili, Ketill alikagua upepo, akafunga kamba ya kuvutia nyuma ya kiti, akarudisha mikono mifukoni.

"Nenda peke yako leo. Mnayo yenu ya kusemezana. Ukikwama, nipigie simu. Usipokwama, nipigie vilevile."

Mpandoni Eyvindur alipunguza upepo, tairi zile za makombo zikalegea, zikatandaza matumbo. Akatia gia ya kwanza. Gari lilinguruma chini kwa chini, polepole, mwendo wa ng'ombe arudiye zizini, likapanda. Halikusita. Kalda ikafunguka mbele yake, nyeupe, tambarare, bila nyumba wala mti wala mtu. Kwa mara ya kwanza tangu vuli hakuna kitu kilichomrudisha nyuma, na hapo ndipo upweke ulipomuuma kuliko siku zote, kwa maana sasa aliona jinsi njia ilivyokuwa fupi.

Hallbera alikuwa chumbani, kiti kikiwa kimegeuziwa ukuta. Hakuwa na koti. Eyvindur alisimama mlangoni, kofia mkononi, kucha zake zikiwa bado nyeusi kwa mafuta.

"Nimekuja," alisema.

Hallbera aligeuza kichwa, akamtazama. "Jumapili," alisema, kisha akatafuta neno lililofuata, akalikosa, akalipata. "Jumapili zote. Ketill... alikuja. Gari lake... lina viti viwili."

"Nilikuwa natafuta tairi, mke wangu. Nilitaka nije mwenyewe. Nilizipata kubwa, zikashindwa, kisha..." Akasikia maneno yake mwenyewe.

Midomo ya mama yule ilitetemeka kwa juhudi. "Nilikungoja wewe," alisema. "Sikungoja gari."

Ofisi ilimfungia barabara, ndiyo, na dhambi hiyo iko shingoni mwa ofisi. Hatujaisahau na hatutaisahau. Lakini kile kiti cha pili katika gari la Ketill hakuna ofisi iliyokifunga. Kilikuwa wazi Jumapili ya kwanza, kikawa wazi ya pili, kikapita langoni kwake kila wiki kikipiga honi. Zile Jumapili zilizomwona Hallbera dirishani na koti lake zilikuwa zimekwenda, na hakuna tairi, kubwa wala ndogo, inayoweza kuzifuata huko zilikokwenda.

Eyvindur akapiga magoti mbele ya kiti. Mgongo uliolala chini ya difu safari hii haukulia. Akaweka paji la uso juu ya mkono wa mkewe, ule uliokufa ganzi, akasema neno ambalo katika ndoa yao yote hakuwahi kulisema kwa sauti: "Nisamehe." Akakaa vile vile, wala hakuinua kichwa, kwa kuwa mkono ule haukuweza kumjibu. Ilichukua muda mpaka Hallbera akauvusha mkono wake mzima juu ya mapaja, polepole, akaulaza juu ya kisogo chake.

Hivyo ndivyo Eyvindur alivyokipata chake, akiwa amechelewa, na nusu yake ikiwa imekwisha kupotea. Kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayechelewa kuinama hukikuta giza limekwisha kukila kiasi.